Mwalimu Asiyegusa Kompyuta ya Mwanafunzi

Zulekha Haroun alikuwa na kanuni moja darasani: mkono wa mwalimu hauigusi kompyuta ya mwanafunzi. Alisimama nyuma ya kiti chako, mikono ameifunga mgongoni, akasema, "Soma kilichoandikwa hapo. Kinakuambia nini?" Ukikwama, alikuuliza tena. Ukikasirika, alingoja hasira ipoe.

Alizaliwa mjini Kitui, katika familia ya Waislamu wenye duka la vitambaa, na kabla ya kufundisha alifanya kazi mahali pa huduma za kompyuta. Huko watu walimkabidhi simu pamoja na neno la siri, naye akawafanyia kila kitu. Mtu yuleyule alirudi baadaye na shida ileile. Zulekha akaona kwamba kumfanyia mtu mzima kila kitu ni kumrudisha utotoni, na hapo hakukosea.

Shirika moja la Nairobi lilipoleta kompyuta katika soko la Tulia, lilimwajiri awafundishe wanawake wa sokoni kutengeneza programu za simu. Hakuwapa mihadhara. Tangu siku ya kwanza waliburuta vipande kwenye kioo cha kompyuta, wakavipanga kama matofali, na walichojenga kikaonekana kwenye simu zao. Kila mmoja alijenga programu ya biashara yake mwenyewe. Ndunge, ambaye wote walimwita Mama Mulinge, aliuza kuku wa kienyeji. Alitaka mteja, akiwa nyumbani kwake, aone kuku, kisha abonyeze kitufe ampigie.

Bwana Muchiri, msimamizi wa shirika, alisema wazi. Wafadhili wangekuja Alhamisi. Wakikuta programu zinafanya kazi, kundi la pili litafundishwa. Wasipozikuta, kompyuta zitahamishiwa soko la Salama.

Jumanne Zulekha aliingia akakuta kila programu imekamilika. Alifurahi. Akamwambia Mama Mulinge abonyeze kitufe cha kupiga. Simu iliyolia ilikuwa ya Syombua, muuza ndengu, upande wa pili wa chumba.

"Syombua, siku hizi unauza kuku?" mmoja akauliza.

"Kuku nauza, nyanya nauza, hata mitumba nauza," Syombua akajibu. "Bonyezeni tu. Leo mimi ndio soko yote."

Walicheka wote isipokuwa mwalimu. "Nani amejenga hizi?"

"Ni sisi," Mama Mulinge akasema. "Tulifanya mwethya, mwalimu. Si ndio vile tunalima? Leo tuko shamba ya huyu, kesho ya yule. Syombua ako na mkono mwepesi, akatulimia hizi zetu. Sisi tukaenda kumpalilia ndengu."

Hapakuwa na udanganyifu. Ukambani, kundi la mwethya likikulimia shamba, mavuno ni yako, na hakuna anayekuaibisha kwa hilo. Lakini ujuzi ukilimwa na jirani, anauvuna jirani.

"Nitabadilisha namba tu," Syombua akasema. "Ni kitu kidogo."

Zulekha alimpigia Muchiri, akamweleza yote.

"Waache hivyo," Muchiri akasema. "Wageni wakienda, uanze upya na wao."

"Na Mama Mulinge akiulizwa amejengaje, aseme nini?"

"Aseme ni kazi ya wanawake wa Tulia. Zulekha, unajiumiza bure."

Alikata simu, akawarudia. "Zifuteni. Kila mtu ajenge yake."

"Huyu msichana ana roho ngumu kuliko mama mkwe wangu," mtu akanung'unika. Hata hivyo walifuta. Siku hiyo na iliyofuata waliacha meza zao sokoni, wakajenga.

Alhamisi wageni walisimama kwanza mbele ya Mama Mulinge. Programu yake ilionyesha picha ya jogoo na kitufe kimoja. Alipobonyeza, programu ikajifunga. Alijaribu tena, ikajifunga tena.

Zulekha aliona kosa lilipo. Kipande kimoja hakikuunganishwa. Muchiri alimkazia macho, akamwonyesha kompyuta kwa kidevu. Zulekha hakunyoosha mkono.

"Soma, mama," akasema kwa upole.

Mama Mulinge aliinama, midomo ikicheza, akipitia kipande baada ya kipande. Wageni walingoja. Mmoja akatazama saa. Waliuliza kama ipo programu nyingine iliyokamilika, wakaambiwa bado. Wakashukuru kwa adabu, wakatoka. Magari yalikuwa yamekwisha kushika barabara mama huyo aliposema, "Mwalimu, ni hii hapa. Sikuishikanisha." Akaiunganisha, akabonyeza, na safari hii simu iliyolia ilikuwa yake.

Wapo wanaosema Zulekha alikuwa mkaidi, na kwamba kugusa mara moja si dhambi. Huenda. Lakini angegusa, wageni wangepongeza kazi ambayo Mama Mulinge hakuijua, na mama huyo angesimama pale akipokea sifa za mtu mwingine.

Juma lililofuata kompyuta zilihamishiwa Salama. Zulekha alipoteza kazi, akarudi kupima vitambaa dukani kwa baba yake. Wanawake wa kundi la pili, waliokuwa wamekwisha kuahidiwa nafasi, hawakufundishwa.