Fasi Yenye Hakuna Muntu Angetaka

Mama mukwe yangu hakukubali kukaa mu mugini yoyote mbele ya kuonja maji yake. Tukifika tu, alikuwa anashuka ku mutoni, anachota na mukono, anazungusha maji mu kinywa, kisha anatema ao anameza. Akitema, tulikuwa tunapandisha tena mizigo ku kichwa. Mimi nilikuwa muke muchanga, niko na mimba ya kwanza, miguu imevimba sawa viazi. Nilichukia ile kuonja kwake! Kila fasi nilikuwa naomba mu roho: Mungu Baba, leo ameze.

Tulikuwa tunatafuta fasi ya kukaa kwa sababu mulima yetu, kule nyuma ya Kitshanga, Leta, serikali ya bazungu, ilikuwa imeipatia muzungu mumoja ya ng'ombe. Kapita yake, musimamizi ya bantu yake ya kazi, alikuja kutuonyesha mipaka na kutuambia tutoke. Baba mukwe alikuwa amezikwa pale, nyuma ya nyumba. Siku ya kutoka, ng'ombe ilikuwa tayari inakula majani juu yake. Mama mukwe alisimama, akaangalia, akasema: "Bamenihamisha mara moja. Mara ya pili, hapana." Ile njo ilikuwa shida yetu yote. Hatukutafuta utajiri. Tulitafuta fasi yenye habatatufukuza tena.

Kisha maji, alikuwa anauliza nyumba ya mujane. Anaenda kuangalia paa yake tu. Upande wa Mweso tulipata udongo mweusi, maharagi inapanda mpaka ku kiuno, na bwana yangu akatupa mizigo chini na furaha. Mama akaona paa ya mujane: majani imeoza, inavuja, na vijana beko tu banapita. Akasema, "Tuende." Bwana yangu akakasirika.

"Mama, tunatafuta shamba ao tunatafuta paa ya benyewe?"

"Mujane ni mimi," akamujibu. "Kesho ni muke yako."

Bwana yangu akabeba mizigo.

Tena alikuwa anaomba moto. Anapiga hodi kwa muntu mwenye hamujui, anaomba kaa moja ya moto, na anaangalia vile banamupatia. Kuko benye banakuacha unasimama inje mpaka uchoke. Kuko benye banakusukumia kaa na fimbo, sawa mbwa. Mu bonde moja, mbele kidogo ya kufika Nyabiondo, mama mumoja akatuwekea moto mu kigae, akafunika na majani, kisha akauliza: "Dada, na mutapika nini?" Akarudi ndani, akaleta maharagi. Paa ya mujane ilikuwa mupya. Maji, mama mukwe alimeza, akachota tena, akameza tena. Nilikaa chini nikalia. Chef ya pale, mukubwa ya mugini, akapokea mbuzi na pombe yetu, akatupatia fasi.

Eee, ile miaka! Batoto yangu mbili balizaliwa pale. Nikienda shamba, jirani anabakia nabo. Akienda yeye, mimi nabakia na bake. Hata leo nikiota niko kwetu, ni ile bonde naona.

Kisha muzungu mwingine akafika, ya kahawa, na bantu ya kupima udongo na munyororo. Hakutukana muntu. Alishuka ku mutoni, akachota maji na kikombe, akazungusha mu kinywa, akameza. Mama mukwe alikuwa anasimama karibu, akaona. Akashika udongo, akasugua mu vidole. Akauliza upepo inatoka wapi. Mwisho akauliza kapita yake: bantu ya hapa beko namna gani? Kapita akasema, "Ni bapole, banasaidiana, habagombanake." Muzungu akacheka na furaha, kwa sababu kazi yake itataka bantu. Nasema hivi: kila kitu yenye ilitupendeza sisi, ilimupendeza yeye vilevile. Alikuwa anachagua nyumba sawa sisi. Lakini yeye alikuwa na Leta nyuma yake, sisi tulikuwa na mbuzi tu, na ile mbuzi ilishaliwa zamani.

Bapole! Ile upole yetu njo ilituponza.

Leta ikamupatia ile bonde yote, na mashamba yetu ndani. Tulipotoka, bwana yangu akauliza mama yake sasa tutafute wapi. Akasema, "Tutafute fasi mubaya." Tulifikiri huzuni imemuharibu kichwa. Wapi! Alikuwa na akili yake yote. Alisema bazungu banaona sawa sisi, basi tutafute fasi yenye hata sisi benyewe hatungetaka. Na tukaenda, tunaacha mashamba muzuri mu njia, mimi natembea nageuka nyuma, na roho inauma.

Akaipata kule kupita Nyabiondo, fasi milima inaanza kushuka ku pori ya Walikale. Mawe tupu. Jembe ikigusa chini inalia. Maji iko mbali, chini kabisa, na upepo haiachake kupiga. Akaenda kuomba moto. Mwanamuke ya pale akafungua mulango kidogo, akatuangalia, akafunga. Mama mukwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Hapa njo penyewe! Hapa hata shetani atapita tu."

Niseme ukweli, nilichukia ile fasi tangu siku ya kwanza. Shingo yangu iliharibika juu ya kubeba ile maji. Maharagi ilikuwa inaota manjano, unapanda kikapo unavuna kikombe. Na majirani tungeweza kuzoeana nabo, lakini mudomo ya mama mukwe! Siku ya ubatizo ya mutoto ya jirani, pombe ikamupanda, akaanza kujisifu mbele ya bote kama yeye ana akili kupita bazungu: alichagua hapa kwa sababu mawe ni mubaya, maji ni mubaya na bantu ni babaya. Bantu bakaweka vikombe chini. Mimi nilitaka ardhi ifunguke nipite chini.

Mutoto yangu ya tatu, binti, alizaliwa mu ile upepo. Alikuwa anakohoa tangu mudogo. Siku moja ya mvua kifua ikamufunga kabisa. Bwana yangu alikuwa ameenda Walikale kubadilisha maharagi na mafuta ya mawese, mama mukwe alikuwa anagonjwa homa ndani. Dispansere, nyumba ya dawa, ilikuwa mbali, njia inateleza, nami peke yangu niliogopa. Nikaenda ku mulango ya ule jirani, nikamuomba anisindikize. Hakufungua. Alijibu kutoka ndani: "Si mulituchagua juu tuko babaya? Muende kwa bazuri."

Nilienda peke yangu, mutoto ku mugongo. Mu njia akaacha kukohoa. Nilimushukuru Mungu, nikafikiri amelala.

Bwana yangu akarudi akachimba, lakini udongo ilikuwa kidogo, na chini yake jiwe moja kubwa yenye jembe haiwezi. Tulimuweka juu juu tu. Njo majirani bakakuja. Kila muntu alileta jiwe, akaiweka juu yake, ili banyama basimufukue. Ule mama ya mulango akaleta kubwa kupita yote, anaibeba na tumbo, analia kwa sauti. Sikumusemesha siku ile. Kisha nikamusemesha, kwani nani mwingine alikuwako? Tangu pale tukakuwa bantu ya mugini moja. Mama mukwe hakuchekaka tena. Alisema tu, "Tumelipa sasa. Hapa habatatutoa." Na mimi nikashika ile neno yake kwa nguvu, kwa sababu mutoto yangu alikuwa pale.

Muzungu ya tatu hakuonja maji. Hakuangalia udongo. Alikuwa na nyundo kidogo mu mukono, anapiga jiwe, anasikiliza, anapiga ingine. Barabara ya Walikale ilikuwa inameza kamio, malori ya mizigo, mu matope kila mvua. Mama mukwe akakaribia kapita.

"Papa kapita, anatafuta nini?"

"Mawe, Mama."

"Mawe?"

"Mawe. Anasema hii ya hapa ni muzuri kupita yote aliona tangu Masisi."

Mama mukwe akakaa chini, pale pale mu njia.

Bakatuambia banaume batapasua, banamuke batabeba mpaka ku barabara, kisha tutahamia fasi Leta itatuonyesha, kando ya barabara, nyumba mu mustari. Nikaonyesha kapita kaburi. Alikuwa Mukristu, akatoa kofia. Akaenda kuuliza muzungu, akarudi na jibu: tumuhamishe mutoto, tumuchagulie fasi ingine yenye itatupendeza. Tuchague! Nilitaka kumutemea mate, lakini hakuwa na kosa, alitumwa tu.

"Huyu hahami," mama mukwe akasema.

Hakuhama. Lakini mawe ilikuwa ya Leta. Majirani balisimama pembeni na vikapo yao, hakuna mwenye aligusa ile ya juu yake, hata kapita alipopaza sauti. Njo nikaenda mimi. Niliitoa moja moja na mikono yangu, mpaka nikafika ku udongo. Ile kubwa, ule mama mwenye aliileta njo alinisaidia kuitia mu kikapo. Mama mukwe akanipandishia ku kichwa. Nilishuka nayo mpaka ku barabara, nikaimwanga mu matope fasi balinionyesha.

Kapita ya kule chini hakunijua. Akageuza jiwe moja na muguu, akaangalia.

"Muzuri," akasema. "Lete ingine."