Matope ya Kifaru cha Baba

Baba alipostaafu kuendesha gari la mkate, tulidhani atafuga kuku kama wastaafu wenzake. Badala yake alimwagiza kaka yangu, anayefanya kazi ng'ambo, amletee boksi la vipande vya plastiki, mia tatu na kitu, vya kuunganisha kifaru cha vita kisichozidi urefu wa kiatu changu. Meza ya chakula ikatekwa siku hiyo hiyo. Sisi wengine tukahamia kula sahani zikiwa mapajani.

Kabla ya mkate Baba alikuwa jeshini, dereva wa kifaru, na mtaani mpaka leo anaitwa Dereva. Habari yenyewe tumekua nayo. Wakati wa vita walivuka mto huku wakipigwa risasi, kifaru kikanasa kwenye tope, wakakaa ndani siku mbili, yeye na mpiga mzinga wake, wakigawana maji ya chupa moja. Mto huo ulikuwa dawa ya kila ugonjwa nyumbani kwetu. Ukisema viatu vinabana, unapelekwa mtoni. Ukifeli hesabu, mtoni. Mchumba wangu wa kwanza alivushwa mara tatu katika ziara moja, na hakurudi tena.

Aliyeulipia mto huo bei kubwa zaidi ni Mama. Enzi za usichana wake alimkataa mwalimu mmoja mpole, mwenye baiskeli, kwa ajili ya kijana aliyekaa siku mbili kwenye tope. Mwalimu baadaye akawa mkaguzi wa shule mwenye gari lake, jambo ambalo Mama alilitaja mara chache tu, tuseme mara moja kwa wiki.

Kuunganisha kulichukua miezi minne. Minyororo peke yake ilikuwa na vipande themanini kila upande, na Baba alivishika kimoja kimoja kwa kibano changu cha nyusi, ambacho sikukiona tena. Kisha akapaka rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa kizuri hata mimi nikakisifu. Hapo ndipo alipoanza kukiharibu. Aliichubua rangi kwa sponji ya kuoshea vyombo, akatia kutu mahali pasipo na chuma, akapaka masizi kwenye bomba ambalo halijawahi kutoa moshi.

"Kifaru kisafi ni cha gwaride," aliniambia. "Hiki kimetoka mtoni."

Matope aliyatengeneza kwa udongo wa uani, gundi na plasta. Udongo aliuchekecha kwa kichujio cha chai cha Mama, bila ruhusa, na kwa siku tatu Mama alizungumza naye kupitia kwangu. Lakini matope yalitoka matope kweli. Yalipanda toka minyororo hadi karibu na mlango wa dereva, mabichi kwa chini, makavu yenye nyufa kwa juu. Majirani walikuja kutazama. Baba akawavusha wote.

Halafu, Alhamisi moja, simu ikaita. Alikuwa mpiga mzinga mwenyewe. Hawajaonana miaka thelathini na moja, namba kaipata kwa mstaafu mwenzao, na Jumapili atapita mjini kwetu na mkewe na mwanawe. Mama alifurahi, akaanza kufua mapazia. Baba alikata simu akasema hana njaa. Mama akadhani ni malaria.

Jumamosi mchana tulimkuta mezani akiyakwangua matope kwa ncha ya kisu. Kazi ya wiki saba ilikuwa imelala juu ya gazeti, vumbi tupu.

"Baba watoto, unafanya nini?" Mama aliuliza.

"Nakirudisha kilivyokuwa." Hakuinua macho. "Hakikuvuka mto. Kilikwenda uwanja wa gwaride mara tatu, injini ikafa. Wenzetu walipokwenda vitani sisi tuliachwa bandani tukikifuta kwa kitambaa. Miaka minane."

"Na siku mbili kwenye tope?"

"Mto wenyewe ulikuwepo," Baba alisema. "Tulikuwa tunafulia nguo."

Ningependa kusema nilimhurumia. Nilikasirika. Niliwaza viatu vyote vilivyonibana, na yule mchumba, ambaye alikuwa na kazi nzuri. Mama alikaa kitini na pazia lililolowa mapajani mpaka gauni likalowa, kisha akaenda kuanika pazia. Jioni hiyo nilipeleka sahani ya Baba mezani, maana Mama hakuipeleka, na nikajua kwamba wageni wakishaondoka kutakuwa na jambo.

Mpiga mzinga alikuwa mzee mfupi mwenye koti la suti na meno machache. Walikumbatiana na Baba kwa muda mrefu. Kisha Baba, kwa sauti ya mtu anayejisalimisha, akamwonyesha kifaru. Kilikuwa kijani kitupu, kinang'aa, bila hata doa.

Mwana wa mgeni, mtu mzima mwenye kitambi, akakiinamia. "Ndicho chenyewe hiki, Baba? Kilichonasa mtoni?"

Mpiga mzinga akamtazama Baba. Sijawahi kuona macho ya mzee yakiomba namna ile.

"Ndicho," alisema polepole. "Ila, Dereva, ndugu yangu, matope yako wapi?"

Tukaelewa sote watatu kwa pamoja. Mto ule ulikuwa na nyumba mbili. Baba alikuwa amejiandaa siku tatu kuumbuliwa, hakujiandaa kuombwa msaada, na kwa vile jana tu alikuwa amekiri kweli, aliona haya kuanza tena mbele ya mkewe. Mke wa mgeni naye akaacha kunywa chai.

"Niliyaosha mimi, shemeji," Mama akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Nilikuwa nasafisha nyumba kwa ajili yenu, nikakiosha na sabuni. Nilimkosea sana mwenzangu. Tangu jana hajala vizuri."

"Ah, shemeji," mpiga mzinga alisema, akakaa kitini kama aliyetua mzigo. "Hukujua. Yale matope yalikuwa na maana yake."

"Sasa najua," Mama alisema, akammiminia chai.

Mwana akataka kusikia habari yote toka kwa dereva mwenyewe. Baba akaanza kwa kusitasita, akavuka mto, akafika kwenye tope, akasema walikaa humo usiku mmoja.

"Siku mbili," Mama alimsahihisha. "Na maji ya chupa moja."

Walipoondoka nilibaki nikikusanya vikombe, nikisubiri lile jambo. Baba alikuwa amekaa mbele ya kifaru chake, mikono magotini. Mama akatoka jikoni, akaweka kichujio cha chai mezani.

"Wamesema watapita tena mwezi wa nane," alimwambia. "Udongo wa nyuma ya choo ni laini zaidi."