Avoka Iliyofunika Jua

Plake yetu ya kwanza ya umeme wa jua ilikuwa moja tu, ya taa mbili na kuchaji telefoni, zetu na za nusu ya mtaa wetu wa Songo, maana huku ukiwa na moto wa umeme nyumbani huwezi kumwambia jirani hapana. Jirani mmoja alikuwa anakuja na mihogo ya kuchemsha. Mitamu sana ile mihogo, lakini tuache.

Mke wangu akapata ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano inataka baridi, na joto la Uvira unalijua. Nikasema tuongeze plake, tutie batri kubwa, tununue frigo ndogo. Fundi akapanda juu ya bati, akatazama, akashuka.

"Mzee, hapa kwenu mlima unameza jua mapema. Jua lenu ni la asubuhi, la upande wa ziwa. Na upande wa ziwa iko avoka, muti huu wa parachichi. Ikatwe."

Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Weye fundi, kata miguu yako kwanza!"

Chini ya muti ule tulizika kitovu cha mtoto wetu wa mwisho, kama wazee walivyotufundisha, muti ukue pamoja naye. Mtoto alikwenda kuchimba dhahabu milimani. Telefoni yake ikaita, ikaita, kisha ikaacha kuita. Wenzake walirudi, wanatusalimia macho chini.

"Ukiikata," mke wangu akaniambia, "umesema amekufa."

"Na weye bila dawa?"

"Minye niko hapa. Yeye iko wapi?"

Dawa tukaiweka ndani ya chungu, kwenye mchanga wenye maji. Haikusaidia sana. Macho yake yakaanza kuona ukungu, hata watu akawa anawatambua kwa sauti.

Asubuhi moja nikamkuta uani na fundi. Amemwita mwenyewe. Shoka iko mkononi mwa fundi.

"Kata," anamwambia.

Minye niliyeomba miezi yote ile ikatwe, ndiye niliyeshika mpini. "Mama watoto, ngoja bado."

"Mzee wangu, achilia."

Avoka ikaanguka na maua yake. Jua likaingia mpaka jikoni. Fundi akapanda kufunga plake mpya. Huku chini mke wangu akatandika mkeka, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa mama kwenye kilio. Majirani wakaona. Hakuna aliyeuliza. Wakaanza kuleta viti.

"Mzee," fundi akaita toka juu, sauti ndogo, "niendelee?"

Nikamwambia afunge plake. Kisha nikavua viatu, nikakaa karibu na mke wangu.