Kwaresima Bila Usipa

Tadea aliolewa Kitura akitokea Lipingo, ziwani, mwaka uleule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na magari yao. Magari hayo yalileta pia usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na Tadea hakukosa kununua. Miaka minne baadaye bintiye Gaudiosa akashikwa na pumu ya ngozi: viwiko vikapasuka, mtoto akawa anajikuna hadi damu.

Mama mkwe wake, Kunigunda, alisimama katikati ya sala ya jumuiya.

"Mkwe wangu anamlisha mtoto usipa asubuhi na jioni. Ndio unaomla ngozi. Nitamchukua nimlee mwenyewe."

Wanawake walimtazama Tadea kama mtu aliyekamatwa na sumu mkononi.  Aibu ile aliiweka moyoni.

Benadetha, muuguzi wa zahanati, alisema wako watoto wanaodhuriwa na samaki, na wako wasiodhurika kabisa. "Acheni samaki hadi Pasaka, mengine yabaki yalivyo. Ngozi itatuambia."

"Ikipona, mtoto ni wangu," Kunigunda akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Ijumaa za Kwaresima hakuna nyama, na mpenda usipa mkubwa kati ya wote waliokula chungu cha Tadea alikuwa Kunigunda.

"Leo maharage, mama."

"Aliyekatazwa ni mtoto!"

"Nipike sumu kwenye chungu chake?"

Ijumaa ya pili, maharage. Ya tatu, maharage bila kitunguu. Baba mkwe, mzee Blasius, akaguna: "Kunigunda, mdomo wako umetufungisha sote." Tadea akainamia moto wasimwone akicheka. Lakini alipokuwa akimpaka Gaudiosa mafuta alijikuta akiomba vidonda visipone. Akashtuka. Akaomba tena.

Pasaka ilifika, viwiko vikitoa majimaji vilevile.

"Si samaki, bibi," Benadetha alimwambia Kunigunda, akiandika dawa ya kupaka. "Tutafute kwingine."

Kwenye jumuiya Kunigunda alinong'ona kwamba alikosea.

"Paza sauti, mama, kama siku ile," Tadea alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

"Si usipa! Mtoto abaki kwa mama yake!"

Siku hiyo Tadea alikaanga usipa kwa nyanya, uani kote kukanukia. Akampakulia mtoto, mume, na mzee. Sahani ya Kunigunda akaijaza maharage.

"Na mimi?"

"Wewe bado hatujakupima, mama. Ngoja Pasaka ijayo."