Mabegi ya Mama Kufuli

Siku fundi wa mabegi alipomwona yule mama kwa mara ya kwanza, mama mwenyewe aligoma kuingia kibandani. Alisimama nje na begi kuukuu mkononi, akautazama mlango wa bati kama mtu anayemtazama mbwa asiyemjua.

"Karibu ndani, mama," fundi alisema, macho yakiwa kwenye cherehani. Ndivyo alivyosema na wanawake wote, hata dada zake.

"Mlango wako una komeo kwa nje. Ling'oe kwanza, ndipo nikaribie."

Fundi alisubiri acheke. Hakucheka. Basi akachukua bisibisi, akaling'oa. Yule mama akaingia, akaketi pale pale karibu na mlango, na hapo ndipo alipocheka mpaka mabega yakatikisika.

"Baba, wewe utanifaa. Wenzako wote huanza na kwa nini."

Mtaani walimwita Mama Kufuli. Alikuwa amekwenda nchi ya mbali kufanya kazi za ndani, akafungiwa miaka minne katika nyumba ya watu, pasipoti yake ikikaa kabatini kwa mwenye nyumba. Aliporudi aling'oa kila kufuli na kila kitasa nyumbani kwake, akatundika mapazia. Majirani walimpa lile jina kwa kumcheka, naye akalipokea kama zawadi.

"Wezi wakifika kwangu," alisema, "wanadhani ni mtego. Wanarudi zao."

Kila Jumatano alikutana na wanawake wengine kumi, waliorudi kama yeye, katika chumba cha nyuma cha saluni moja. Mwenye saluni naye alikuwa mmoja wao. Aliyerudi hajui kulala walikesha naye, aliyeogopa polisi walimsindikiza. Na waliokuwa wakijiandaa kwenda waliwafuata majumbani kwao, wakawauliza nani amewatafutia kazi hiyo na wanapelekwa wapi. Wengi hawakusikia la mtu. Kwa hao ndipo fundi alipohitajika.

"Simu wanachukua," Mama Kufuli alimweleza. "Pasipoti wanachukua. Karatasi wanachana. Begi wanakuachia, maana huna pa kulipeleka."

"Si wakariri namba yenu ya simu tu?" fundi aliuliza, na mwenyewe akashangaa kwamba ameuliza.

"Namba ya kichwani inatoka kwa kipigo, baba. Mimi ilinitoka mwezi wa pili."

Kazi ikawa hivi. Anayesafiri analeta begi, kisingizio ni zipu. Fundi anafumua bitana ya chini, upande wa gurudumu la kushoto, anatia kitambaa chenye namba ya kikundi kwa wino usiotoka kwa maji, kisha anafunga kwa kupitisha sindano kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Hata yeye mwenyewe, akiligeuza begi, hakuona mahali alipopita. Kwa mwaka mmoja alishona mabegi kama thelathini. Wanne walirudi kwa sababu ya kile kitambaa. Kila aliporudi mmoja, Mama Kufuli alikuja mwenyewe kibandani kumwambia. "Wa nne huyo, fundi. Mkono wako huo." Siku hiyo fundi alibandika zipu mbili kinyume kwa furaha.

Sasa fundi alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa teksi. Mtu wa maneno matamu, anayesalimia mpaka mbuzi. Aliketi kibandani kila mchana akingoja abiria. Mchana mmoja alimkuta fundi ameinamia begi lililofumuliwa.

"Shemeji, huo ndio ufundi gani tena? Zipu iko juu, wewe unachokonoa chini!"

Fundi angeweza kusema ni gurudumu. Lakini katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kazi yake akaketi kusikiliza jibu. Alimwonyesha kitambaa. Alimwonyesha upande, matundu, namna ya kufunga.

"Kumbe tumekaa na profesa!" shemeji alisema, akimpiga bega. "Na ulivyo mpole hivyo! Dada yangu aliolewa na hazina." Alimvika kilemba cha ukoka, na fundi akakivaa.

Miezi miwili baadaye Mama Kufuli alileta begi jekundu. Hakutania.

"La mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemsihi, nimelia, nimemtukana. Ananiambia, 'Mama mkubwa, wewe ulikuwa na bahati mbaya tu.' Anaondoka Ijumaa. Shona kama unamshonea mwanao."

Fundi alishona mara mbili.

Wiki tatu zikapita kimya. Kisha kikundi kikaletewa msichana aliyeokotwa barabarani akiwaka homa. Wakala aliyemtafutia kazi alimtupa baada ya kuona haponi. Alikuwa na begi lake bado. Fundi aliitwa saluni, akaligeuza. Upande wa gurudumu la kushoto palikuwa na mchano wa wembe, umenyooka juu ya mshono wake.

"Walituchukua usiku kwa teksi, wakatuweka siku mbili katika nyumba nisiyoijua, tukingoja safari," msichana alieleza. "Yule wakala hakupekua hata nguo. Alikuja na wembe, akapindua mabegi yote, akachana hapo hapo. Jekundu pia."

Wanawake waligeukiana. Kisha macho yakaanza kutembea.

"Nani amesema?" Mama Kufuli aliuliza. "Jambo hili tunalijua sisi humu."

Mmoja alikumbuka kwamba mwenye saluni aliwahi kumsuka mke wa wakala fulani. Mwingine akaongeza chumvi. Mwenye saluni aliapa, akalia, mwishowe akawaachia chumba chake mwenyewe akatoka. Fundi alikuwa ameshika lile begi magotini. Jibu lilikuwa mdomoni mwake, tena fupi, maneno mawili tu. Alitazama sakafu.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kituo cha teksi.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "yale ya mabegi, ulimwambia mtu?"

"Mimi? Niape kwa watoto wangu! Labda niliropoka mbele ya abiria, sijui. Nipe wiki moja, shemeji. Nitamtafuta huyo mtu mwenyewe, nikuletee. Ila usimwambie mtu, utamwua dada yangu kwa aibu."

Fundi akampa wiki. Kila siku alimwona Mama Kufuli akipita na picha ya yule binti wa dada yake, akiwaonyesha madereva, na kila siku alijiambia kesho. Siku ya nane kituo hakikuwa na teksi ya shemeji. Nyumba yake ilikuwa tupu. Mke wa fundi ndiye aliyepokea habari kwa jirani: kaka ameuza gari, amehama, hakuaga hata ndugu.

Hapo ndipo fundi alipokwenda kwenye nyumba yenye mapazia. Alisema yote akiwa amesimama. Mama Kufuli hakumkatiza. Alivaa viatu, wakaenda polisi pamoja, na askari aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Huyo dereva wa teksi bila shaka ndiye aliyewafikisha kwenye hiyo nyumba. Tungempata wiki iliyopita, angetuonyesha mlango. Sasa tunaanza na hewa."

Walipotoka, Mama Kufuli hakurudi kwake. Alikwenda saluni, na fundi, aliyebaki ng'ambo ya barabara, alimwona akipiga magoti mbele ya mwenye saluni, katikati ya wateja. Mwenye saluni alimwinua. Fundi hakuitwa.

Binti hajaonekana mpaka leo. Mke wa fundi haongei naye zaidi ya chakula kiko tayari, kwa kuwa amemtaja kaka yake polisi. Fundi sasa anashona zipu tu.

Mwezi uliopita Mama Kufuli alikuja kibandani asubuhi. Fundi alisimama haraka, akasogeza kigoda. Mama hakukaa. Alikusanya vile vitambaa vilivyobaki kwenye kopo, na kalamu, akavitia mfukoni.

"Mama," fundi alisema, na safari hii alimtazama usoni, "nipe kazi yoyote. Hata ya kufagia."

Mama Kufuli alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma.

"Kikundi kimehama pale saluni. Wakija watu na mabegi waambie hujui tulipo, na kweli hutajua. Si kwamba nakuona mbaya, baba. Ila wewe ukiulizwa kwa upole, unasema."