Kimbunga Kinakuja na Mama Yuko Eda

Mwaka ule redio haikutuacha tupumue. Kimbunga kimoja kikiisha, wanatangaza kingine. Sisi tulizoea kuvisikia vya Msumbiji na Komoro, tunasema maskini wenzetu, tunaendelea kukuna nazi. Siku hiyo wakasema hiki kinakuja kwetu, tena kikubwa, na wote tunaokaa karibu na maji tuhame kabla ya alasiri.

Kaole nzima ikaanza kufunga mizigo. Mume wangu na watoto wakatangulia Makurunge kwa mjomba. Nikabaki na mama, na mama alikuwa eda. Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na tangu siku hiyo mama hajavuka kizingiti. Nyumba yenyewe ya udongo, paa la makuti, na bahari iko hapo tu nyuma ya mikoko.

"Mama, twende."

"Niende wapi, nami niko eda?"

"Mama, kimbunga!"

"Kimbunga cha Mungu, na eda ya Mungu."

Nikamwambia dharura inaruhusiwa, hata madrasa tulifundishwa. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Wewe umekuwa sheikh lini? Madrasa yenyewe ulitoroka." Ni kweli, nilitoroka. "Baba yako kanitunza miaka arobaini. Miezi minne na siku kumi tu, ndiyo inishinde?"

Jamani, nililia. Kisha nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamwambia anataka nimzike na yeye. Akaendelea na tasbihi yake. Upepo ulikuwa umeanza kunyanyua makuti, na majirani wa mwisho walipita na magodoro kichwani wakiniuliza, "Bado mpo?" Tupo, tufanyeje! Kumwacha siwezi, kumbeba siwezi, mama ni mnene na mimi mgongo wangu mbovu.

Nikatoka uani kumpigia sheikh wetu. Simu haipatikani. Nikapiga tena, na tena. Haipatikani. Nilisimama pale vumbi linaniingia machoni, nikaona sina hila nyingine duniani. Nikaingia ndani.

"Sheikh amesema ruksa," nikasema. "Utoke sasa hivi, eda ukaimalizie popote penye usalama."

Mama akasimamisha tasbihi. "Amesema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akainuka.

Tulipata bajaji. Nikamfunika mama mashuka mawili asionekane hata kidole, nikamwambia dereva asigeuke nyuma wala asiseme neno. Masikini ya Mungu, hata bei alinionyesha kwa vidole. Njia nzima mvua ilitupiga ubavuni na mama alikuwa analia ndani ya mashuka. Nilimsikia, nikajifanya sisikii.

Kimbunga kilifia baharini. Mvua ilinyesha siku mbili, basi. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama, hata ungo ulioegemezwa ukutani haukuanguka. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Mama alizunguka chumba chao, akagusa kitanda, akasema, "Kumbe ningekaa." Akavuta pumzi. "Lakini sheikh alinipa ruksa. Sina deni kwa baba yako."

Kesho yake akapika vitumbua, akafunika kwa kawa, akanituma nikamshukuru sheikh. Nilikwenda. Sheikh akafunua, akauliza, "Kwa lipi tena, binti yangu?" Nikamweleza yote, sikuficha kitu.

Akatikisa kichwa. "Ruksa ningempa, tena bila kufikiri mara mbili. Lakini sikuitoa mimi. Kamwambie mama yako mwenyewe."

Nikarudi na sahani tupu. Mama alikuwa ananingoja nyuma ya pazia. "Amesemaje?"

"Amesema vitamu," nikajibu.

Eda ilikwisha salama. Sasa vimbunga vikianza kutangazwa redioni, wanawake wa mtaani huja kukaa barazani kwetu, na mama hawezi kujizuia kuwasimulia. Anaanzia kwenye upepo, anafika kwenye mashuka, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Halafu anakuwa mpole. "Mimi bila neno la sheikh nisingemtoka mume wangu, hata bahari ingeingia chumbani," huwaambia. Kisha hunigeukia. "Si uliongea naye mwenyewe, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," mimi huitika. "Niliongea naye."