Bwana mifugo aliniambia "naamini tu", na ng'ombe wangu tisa walikuwa wameshakufa

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari, habari zenu.

Mimi ni nyanya wa hapa Isiolo. Shule niliacha darasa la tatu, naandika na kidole kimoja. Haya niliyaona na macho yangu, ambayo sasa yamechoka.

Mjukuu wangu Halima anasoma sayansi university. Najivunia yeye mpaka majirani wananikimbia. Lakini Idd iliyopita aliniambia sayansi ina ushahidi, imani yangu ni kukisia.

Nilikimbilia sufuria. Nilikuwa nimechoka na nyama ilikuwa inaungua.

Jibu ndio hili.

Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame, tuliishi upande wa Ngaremara na ng'ombe tisa. Bwanangu alikuwa safari na lori, kwa hivyo kuhama au kukaa ilikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa na msichana mdogo, ndiye mama yake Halima.

Baba mkwe alichinja mbuzi akasoma matumbo, vile wazee wetu walisoma. Akasema mvua iko karibu, tukae.

Nikaona nisitegemee matumbo peke yake. Nikatembea mpaka kwa bwana mifugo, kijana Mmeru. Alikuwa na mkebe wa kupima mvua nyuma ya ofisi, na daftari la miaka mingi. Akalifungua, akasema mvua hufika kabla mwezi wa nne kwisha. Tukae.

Wawili wamekubaliana. Nikakaa.

Mvua haikuja.

Tukawa tunainua ng'ombe asubuhi, mmoja ameshika mkia, wengine pembe. Halafu sisi wenyewe tukakosa nguvu. Wa mwisho kuanguka alikuwa yule wa maziwa. Mtoto analilia chai ya maziwa, mimi nampa ya rangi.

Baba mkwe alisema kosa ni la mbuzi. Alitoka sokoni, hakulala kwetu siku za kutosha, basi matumbo yake yalileta habari za boma la watu wengine.

Wakuu, huyo mbuzi nilinunua mimi. Mnaona vile kosa lilirudi kwangu.

Nikaenda kwa bwana mifugo na hasira. "Nani alikuahidi mwaka huu utafuata daftari lako?"

Nilidhani atanifukuza. Akafuta jasho.

"Hakuna, mama. Hiyo siwezi kupima. Naamini tu kwamba kesho itafanana na jana. Nikiacha kuamini hivyo, huu mkebe ni mkebe tu."

Halafu akaenda nyuma ya ofisi, akachungulia mkebe, akarudi akaandika sufuri kwenye daftari mbele yangu. Akasema kesho ataangalia tena.

Nikarudi nyumbani, nikatandika mkeka, nikaswali adhuhuri. Mimi pia sikuwa na ushahidi.

Kwa hivyo Halima, chini ya daftari lako kuna kitu hukupima, umekiamini tu. Sio aibu, hata mimi nasimama juu ya kitu kama hicho. Lakini ile sufuri niliipenda. Hakumlaumu mbuzi. Ndiyo sababu mama yako nilimpeleka shule.

Mvua ilikuja mwishowe. Ilikuta boma tupu, mkebe umeshachunguliwa, na mimi kwenye mkeka.

Nyinyi mliosoma, semeni. Anayetaka kunitukana aanze na salamu.